Dua Uliyoniombea kwa Jina

Mama yangu mpendwa,

Leo nimetoka kliniki hapa Ruangwa, nikarudi kwenye cherehani yangu, na kicheko kikanishika peke yangu mpaka mteja akauliza kuna nini. Nilikuwa nakukumbuka wewe. Tangu ututoke sijapata mtu wa kunichekesha na kunikasirisha kama wewe.

Unakumbuka safari zetu za Nachingwea? Arobaini ya kumzaa Zuhura ilikuwa ndiyo kwanza imepita, usingizi umenikimbia, nasikia watu wakinisema juu ya paa. Hospitali ya Ruangwa ilikuwa karibu zaidi, lakini ulisema, "Ruangwa kila benchi lina jirani." Basi tukawa tunapanda gari alfajiri, wewe na Zuhura mgongoni, mimi na lile daftari la shule ambamo daktari aliandika ugonjwa wangu. Ulilijalidi kwa gazeti, kisha ukalizungushia kanga mbili. Nikakuuliza, kanga mbili za nini?

"Moja ya mvua, moja ya midomo ya watu."

Kumbe mdomo wenyewe ulikuwa wako!

Siku moja ya Ijumaa ulimfuata shehe umwombe anisomee dua. Kwetu mgonjwa huombewa kwa jina lake, nawe kwa mapenzi yako ukaona jina halitoshi. Ukataja na ugonjwa, ukataja na hospitali. Nilikuwa jikoni nachambua mbaazi nikasikia jina langu kwenye spika ya msikiti: Somoe binti fulani, anayetibiwa akili Nachingwea. Watu wakaitikia amina kwa nguvu kweli. Hata mbaazi hazijaiva, kijiji chetu kizima cha Nambilanje kilikuwa kinajua. Manesi walinisitiri, daktari alinisitiri, ukaja kunianika wewe mama yangu! Nilikununia siku tisa. Chakula chako nilikula, salamu zako sikuitikia.

Siku ya kumi akaja shangazi yake mume wangu Hamisi, pamoja na wazee wawili. Walitaka Zuhura akalelewe kwao mpaka nipone. Na walitaka daftari walisome, wajue kama mtoto yuko salama mikononi mwangu. Mle ndani, mama, mlikuwa na maneno niliyomwambia daktari kuhusu Zuhura siku nilipokuwa nimezidiwa kabisa. Yalikuwa maneno ya ugonjwa, lakini wangeyasoma, mtoto angeondoka siku ileile. Nilimkumbatia mpaka akalia. Hamisi naye alikuwapo, kainamisha kichwa.

"Kama hamna baya, mnaficha nini?" shangazi akasema. "Lileteni tusome."

Ukasimama mlangoni na mwiko wako mkononi. "Mimi nimeshasema yasiyonihusu, na nimekoma. Daktari kasema daftari ni la mgonjwa. Anayetaka kulisoma amwombe Somoe. Somoe akikataa, kakataa."

Wakanigeukia wote. Nikakataa. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Na wewe ni mama wa namna gani?" shangazi akakuuliza.

"Mama aliyekosea. Haya, karibuni ugali."

Wakala, maana hakuna aliyewahi kukataa ugali wako, wakaondoka bila mtoto. Jioni ukaja kuketi karibu yangu mkekani. Kisha ukasema, "Nilidhani nisipoeleza vizuri, dua haitafika."

Nikakwambia Mungu anatujua hata tusipojieleza. Ukacheka huku unalia, nami nikaziitikia salamu zako zote za siku tisa.

Leo Zuhura yuko kidato cha pili na amenizidi urefu. Dawa bado nameza, chache, na nalala usingizi mnono. Asubuhi ya leo daktari mpya, mama wa makamo, ameniuliza, "Somoe, unaridhia tuombe taarifa zako kule Nachingwea?" Nikamwambia majina ya dawa na vipimo vije, ila yale niliyoyasema kuhusu mwanangu yabaki hukohuko. Zuhura atayasikia kwa mdomo wangu, siku nitakayoona amekomaa. Daktari hakubishana nami. Aliandika, akanisomea alichoandika, nikatia saini. Nina furaha, mama, sina haja ya kuificha.

Kuna jambo moja zaidi. Mwezi uliopita aliingia dukani mwanamke aliyejifungua karibuni, na sitasema ni mwenyeji au ni wa hawa wafugaji waliotujia na ng'ombe zao kutoka kanda ya ziwa. Alitaka gauni lipunguzwe, lakini yale macho niliyajua. Nikashusha pazia, nikamsimulia yangu yote, mara ya kwanza kwa hiari yangu. Kesho yake akaenda hospitali. Sasa majirani wananizonga, wanataka kujua anaumwa nini, na mmoja kaniambia anauliza kwa wema tu, ili wamwombee. Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Nakujua wewe, huko uliko umeshatega sikio. Mwombee, mama, halafu ulale salama.

Ila jina lake, hata wewe sikwambii.

Bintiyo,
Somoe