Kanu Aliyekuja Mchana

Kaka yangu mpendwa Hirwa,

Simu yako haiingii, kwa hiyo nimempa Gad barua hii akuletee huko Lubumbashi. Hapa Nkungu mvua imerudi, na watoto wako wameanza masomo. Maman anakusalimia.

Unamkumbuka kanu, yule mnyama mdogo wa msituni mwenye madoa, ambaye utotoni tuliishia kuona mkia wake tu? Mwezi uliopita mmoja alitoka msituni mchana, akatembea uani kama mgeni aliyealikwa. Papa alicheka. "Muangalie," alisema, "hata haogopi muntu." Akainama kumfukuza asiwafikie kuku, akang'atwa kidole.

Nilimsihi twende kituo cha afya.

"Védastine, mbwa zimeniluma mara ngapi, na niko muzima?"

Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, na kweli kikafunga.

Tangu juzi hawezi kunywa. Akiona kikombe, koo linajikaza na mwili mzima unatetemeka. Daktari alituita nje, mimi na Maman. Alisema ni kichaa cha mbwa, kwamba sindano zilitakiwa mapema, na sasa hakuna dawa. Papa hatujamwambia. Maman anajaribu kumlowesha midomo kwa kitambaa, naye anageuza uso.

Njoo ukiweza, ingawa sijui kama utamkuta. Leo asubuhi alitulia kidogo, akaninyoshea mkono niutazame.

"Mwandikie Hirwa," alisema. "Umwambie kidole kimepona."

Nami nimekuandikia.

Dada yako,
Védastine