Jina la Kobe

Wewe, bado nina hasira.

Nimeingia kwenye ule mtandao wa kuchati wa watengenezaji wa programu huria za kompyuta, ule ambao marehemu kaka alijitolea kuuendesha. Nikaona jina lake la mtandaoni, Kobe, linaandika: "Mambo vipi, wazee?"

Kobe. Kobe tuliyemzika.

Nikampigia mwenyekiti wa kile kishirika chao kinachosimamia mtandao huo. Ananiambia, "Pole dada, jina lisipotumika mwaka mzima linaachiwa mwingine."

Nikamuuliza, "Yuko kaburini, angelitumiaje?"

Unajua alinijibu nini? "Sheria hiyo aliitunga Kobe mwenyewe. Alisema jina ni la anayelitumia."

Nimekata simu. Hasira zote hizi, na wa kumgombeza ndiye huyo huyo niliyemzika.