Misumari ya Kwenye Kona

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua. Paa la jikoni limezibwa, halivuji tena.

Tangu mke wangu atangulie, nyumba imekuwa kimya mno, ndipo nikajiunga na kikundi cha waendesha baiskeli wa Jumamosi. Majirani walikuwa wakilalamika kwamba tunaziba barabara na kuwachelewesha. Hawakukosea; tulijaa kama siafu.

Juma lililopita tukakuta misumari imemwagwa kwenye kona. Nikaanguka vibaya. Wa kwanza kunikimbilia alikuwa jirani yangu seremala, machozi yanamtoka. "Nisamehe, jirani," akaninong'oneza. "Nilidhani leo hukwenda."

Wenzangu waliponiuliza kama namjua aliyefanya vile, nikasema simjui. Sasa wamehamia njia nyingine, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunijulia hali. Seremala huja kila jioni na supu, hukaa mpaka nimalize, kisha huosha bakuli.

Najua utaniuliza kwa nini sikumtaja. Dada, ningemtaja, nani angebisha hodi kwangu?

Akukumbukaye daima,
Mdogo wako