Karata za Shemeji

Nyahururu,
6 Machi 2010

Kwa Kigen,

Salamu. Huku tuko wazima, ni baridi tu imezidi. Natumaini na wewe huko Kapsoya u mzima, ingawa siwezi kusema nimekuwa nikikuombea.

Nakuandikia kwa sababu nimekupata. Kwenye ile poka ya mtandao, karata za kamari, yule anayejiita Mkulima Mtulivu ni wewe. Usikatae. Tumeketi meza moja tangu Januari na hujanitambua kwa vile nilijipa jina la mwanamke.

Utauliza nimekujuaje na uso wako siuoni. Umesahau ni mimi nilikufundisha huo mchezo tukiwa wanafunzi wa chuo huko Kesses, kabla hujaanza kumtazama dada yangu Waiyego. Nilikuambia kwa mtandao hakuna macho wala mkono unaotetemeka. Unachoweza kusoma ni mtu anaweka dau kubwa kiasi gani, na amefikiria kwa muda gani kabla ya kuliweka. Wewe ukipewa King mbili au Ace mbili, zile karata kubwa, unapandisha dau papo hapo, kama mtu anayeogopa kuku watatoroka. Ukiwa huna kitu unangoja karata ya mwisho ifunuliwe mezani, unanyamaza sana, halafu unasukuma kila kitu ulicho nacho ili mwenzako aogope na kutupa zake. Ulikuwa hivyo Kesses na uko hivyo hadi leo. Juzi ulifanya hivyo tena, nikakufuata na jozi ya saba tu, nikakumaliza. Ulikuwa na takataka mkononi.

Na siku ile ya kizuizi, mwaka juzi wakati wa fujo za uchaguzi, pia nilikusoma. Tulikuwa kwa pikapu tukitoroka mtaa wetu wa Huruma, mimi na Baba na Waiyego na mtoto wako mgongoni mwake, nyumba zinawaka nyuma yetu. Wewe ulikuwa umesimama na wale vijana, rungu mkononi. Wakakuuliza, "Hawa unawajua?" Ukamwangalia mke wako usoni. Ukasema, "Siwajui." Wakamteremsha Baba.

Baba, Mzee Mbuthia, hakuiona Pasaka ya mwaka huo. Nadhani uliambiwa.

Kwa hivyo acha kutuma watu kuuliza Waiyego yuko wapi. Yuko kwetu. Mtoto siku hizi anaitwa Warigia, jina la kwetu. Na utoke kwa ile meza. Nikikuona tena nitakumaliza tena.

Aliyekuwa shemeji yako,
Nderitu


Kapsoya,
28 Machi 2010

Shemeji Nderitu,

Hujambo? Mama hajambo? Sisi huku tu wazima, mvua imeanza na watu wako mashambani, hata duka langu la dawa za ng'ombe limetulia. Mama msalimie, yeye hana makosa na mimi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, ikabidi niketi. Miaka miwili mtu anatafuta familia yake! Nilienda Showground wakati wa kambi ya waliofukuzwa, nikazunguka hema kwa hema, nikaambiwa watu wa Mbuthia wamepanda lori la kwenda Nyandarua. Simu zenu zote zilikuwa hazishiki. Na wewe kumbe uko hapo hapo mbele yangu, unakunywa chai na kunichezea!

Haya, tuongee kuhusu kusoma karata, kwa kuwa unajisifu. Ulichonifundisha Kesses umekisahau wewe mwenyewe. Ulisema mchezaji mbaya huamua mapema kwamba huyu ana Ace mbili, halafu kila kitu mwenzake anachofanya anakilazimisha kifanane na hizo Ace. Mchezaji mzuri anajiuliza: ni karata zipi zote ambazo mtu angeweza kuwa nazo na bado acheze namna hii? Anazibeba zote kichwani. Kila dau linapowekwa anaondoa zile ambazo haziwezekani tena.

Sasa nifanyie mimi hivyo. Mtu amezungukwa na vijana waliolewa hasira, anasema "siwajui". Anaweza kuwa msaliti, sawa. Lakini pia anaweza kuwa mtu ambaye jana yake alimwona jirani yake Murunga akisimama mlangoni na kusema "huyu ni mke wangu", na akaona walichomfanyia yule mama kwa sababu ya hilo neno. Rungu nilipewa. Asiyeshika alikuwa anaulizwa ni wa upande gani.

Na kuna kitu hukuhesabu kabisa. Baada ya Mzee kuteremshwa, nani alipiga kelele, "Askari! Lori la askari liko petrol station!"? Vijana walitawanyika kwenye mahindi, mkampakia Mzee, mkaondoka. Hiyo petrol station mliipita. Niambie, uliona askari hata mmoja?

Namtaka mke wangu na mtoto wangu. Mtoto anaitwa Chelimo. Hilo jina lingine weka, utampa wako ukizaa.

Shemeji yako, upende usipende,
Kigen


Nyahururu,
17 Aprili 2010

Kigen,

Tu wazima. Salamu zako Mama sikumpa na sitampa.

Hadithi yako nimeisoma. Karata zikishafunuliwa kila mtu ana maelezo. Kelele nilizisikia, na siku hiyo kila mtu alikuwa anapiga kelele. Askari wangeweza kuwa wamepita barabara nyingine. Unataka niamini kwamba ulitudanganyia wale watu, ukiwa umekaa miaka miwili bila kusema?

Hata tuseme ni kweli. Baba alisikia nini? Alisikia "siwajui". Pale kambini, kifua kimevimba kwa yale marungu, hawezi kulala chali, alikuwa ananiuliza kila siku, "Nderitu, ni kweli Kigen alisema 'siwajui'?" Namwambia, ndiyo, Baba, alisema. Kesho yake anauliza tena. Yule mzee alikupokea wakati watu wetu wote walikuwa wanamwambia asikupe binti. Alikuita mwanangu mbele ya kanisa zima. Aliondoka na neno lako moja. Sasa hizo karata zako zingine ulizobeba kichwani, mpelekee yeye.

Na usijisumbue kuhusu Waiyego. Anajua umeoa. Ni mimi nilimwambia, mwaka juzi, na alilia akamaliza.

Lakini sitaki useme sikukupa nafasi. Mei mosi, alasiri, wewe na mimi tu mezani, bila kikomo cha dau, mpaka mmoja asibaki na kitu. Ukinimaliza, nitampa Waiyego simu muongee. Nikikumaliza, hutatafuta tena mtu wa nyumba hii.

Nderitu


Kapsoya,
23 Aprili 2010

Umemwambia nimeoa.

Nimeshika kalamu kutwa na sina salamu za kukupa. Sijaoa. Kitanda changu ni kile kile, nguo zake ziko ndani ya sanduku, za mtoto zimekuwa ndogo. Na wewe unajiita msomaji wa watu.

Mei mosi nitakuwa hapo.

Kigen


Nyahururu,
11 Mei 2010

Kigen,

Sijui niulize habari zako au nisiulize. Huku si kuzuri.

Kwanza ile mechi. Nilikushinda kihalali, na nataka lisisahaulike. Ulikuwa umejifunza, nakiri. Ulianza kupandisha haraka hata ukiwa huna kitu, na kusitasita ukiwa na jozi kubwa, ukanipoteza kwa muda mrefu. Lakini ile ya mwisho nilikusoma kama gazeti. Mimi nilikuwa na Ace ya maua na Queen. Mezani kulikuwa na Queen, nane na tatu, kisha tano, na mwisho ikaja mbili ya maua, maua yakawa matatu. Ukanyamaza. Ukasukuma kila kitu, kama mtu mwenye maua matano, mkono unaoshinda jozi yangu ya Queen.

Nikakaa nikaanza kuondoa. King mbili ungekuwa umezipandisha sana mapema. Jozi mbili, ya nane na ya tatu, usingeniachia nione karata ya mwisho kwa bei ndogo, ungeogopa hayo maua. Na mtu anayefukuza maua mara nyingi huwa na Ace yake, na hiyo Ace ilikuwa mkononi mwangu. Kilichobaki ni mtu aliyengoja tisa ya kuunganisha nane hadi Queen, na tisa haikuja. Nikakufuata. Ukafunua Jack na kumi. Huna kitu.

Nikaruka, nikapiga meza, nikapiga kelele kama mtoto. Waiyego akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akauliza, "Umemshinda nani hivyo?"

Ningesema mtu yeyote. Mzungu wa huko nje. Lakini nilikuwa nimejaa furaha na chuki, nikasema, "Mume wako."

Alishusha mwiko. Kisha akasema, "Mwenye mke mwingine?" Nikachelewa kujibu. Nderitu wa poka anajua kuchelewa ni nini, na dada yangu hajawahi kugusa karata maishani, lakini aliona. Akauliza polepole, "Mlikuwa mnashindania nini?" Nikamwambia. Sikuwa na njia nyingine, alikuwa amesimama mlangoni.

Akasema, "Pale Showground nilikuambia ile sauti iliyopiga kelele 'Askari!' ilikuwa ya Kigen. Uliniambia ni hofu, ati nilikuwa naota na macho wazi. Nikakuamini kwa sababu Baba alikuwa anaumwa na wewe ndiwe ulikuwa umebaki."

Nikasema, "Waiyego, alisema 'siwajui'."

Akasema, "Nilikuwa pale. Usinielezee."

Hakulia. Alimaliza kupika, akatupakulia wote, yeye hakula. Jumatatu Mama aliporudi kutoka sokoni alikuta chumba kitupu. Nilikimbia hadi stendi, nikampata ameketi ndani ya gari na mtoto mapajani. Nikamsihi. Akafunga kioo. Mtoto ndiye alinipungia mkono.

Kama wako kwako, mtoto ana kikohozi, asilale karibu na dirisha. Maziwa baridi hanywi. Haya nayaandika kwa ajili yake.

Na wewe bado nakuchukia. Hata kama ni wewe ulipiga kelele. Ulipiga baada ya Baba kuwa chini.

Mjomba wa mtoto,
Nderitu


Kapsoya,
6 Juni 2010

Nderitu,

Hamjambo huko? Mtoto amepona kikohozi. Mwambie Mama.

Walifika jioni ya Jumatatu hiyo. Nilikuwa nafunga duka, nikaona mwanamke amesimama ng'ambo ya barabara na mfuko na mtoto. Nilivuka bila kuangalia magari. Nikasema, "Karibuni nyumbani." Chelimo alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Hanijui. Nilimtolea mkono, akauangalia kama kitu cha dukani.

Waiyego alikuja hadi kwenye lango la nyumba na akakataa kuingia. Nikamwambia chakula kiko, nikamwambia nguo zake ziko, nikamweleza ya kizuizi yote, kama nilivyokuandikia wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Sauti yako niliijua, Kigen. Miaka yote miwili niliijua. Lakini na kile ulichosema kwanza nilikisikia. Vyote viwili ni vya mdomo wako."

Nikamuuliza ningefanya nini. Akasema hajui, na kwamba si kazi yake kunijulia.

Kisha akaniuliza kama ni kweli nilikubali ile mechi. Nikasema nilikubali kwa ajili yake, hiyo ndiyo njia pekee kaka yako alinipa. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Nilidhani ameshakasirika, kumbe bado. Akasema, "Ulikuwa na anwani. Ungepanda gari hata kesho yake. Ungegonga mlango nikufungulie mimi mwenyewe. Badala yake uliketi kucheza na mtu aliyenificha."

Niambie wewe ungemjibu nini.

Amepanga chumba Huruma. Ndiyo, Huruma, barabara chache kutoka pale penu palipochomwa. Nilimwambia kule si salama, akaniambia nyumba ya Kapsoya ni yangu na ya Nyahururu ni yako, na mahali alipofukuzwa ndipo pake. Ameazima cherehani kwa mama mmoja wa kanisani, ameiweka barazani, anashona sare za shule. Wateja wengine ni watu wa kabila langu, na kati yao sijui nani alisimama wapi siku ile. Anawapima mabega, anawaambia warudi Ijumaa.

Jumapili baada ya ibada ananiletea mtoto hadi kwenye kona ya barabara. Tunakaa hapo mtoto na mimi, tunakula mahindi ya kuchoma, yeye anangoja akiwa mbali kidogo. Leo Chelimo aliniuliza mimi ni nani. Nikamwangalia mama yake anisaidie. Akageuza uso.

Amenituma nikuandikie maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie Nderitu sijamkataa, lakini asije mpaka nimwite. Na ninyi wawili msiandikiane tena kuhusu mimi. Aliye na swali aniulize."

Kwa hivyo hii ni ya mwisho, na nimeiandika kwa ruhusa yake. Akikuita, njoo. Pitia barabara ya chini, usipite dukani kwangu. Mimi na wewe hatujapatana, na nikikuona sijui nitafanya nini na mikono yangu.

Baba Chelimo