Majina Mlangoni

Mjukuu wangu Rehema, salamu toka Buyenzi. Bibi yako anakohoa. Mi bado mzuri kukushinda.

Unauliza kama mfadhili wa maktaba yenu akitaka majina ya wasomaji, uyabandike ukutani. Wakati wa vita tulipata kamsaada ka maktaba ya mtaa, na mfadhili naye akataka majina. Mi, bingwa wa darasa la nne, nikaandika majina ya watoto, ya baba zao na mahali wanapolala, nikayabandika mlangoni. Kesho yake hakuja hata mmoja. Jirani, Mama Zaituni, akanifokea:

“We mupumbavu! Unawarahisishia wauaji kazi?”

Nikaichoma ile karatasi. Watoto wakarudi, tukawaazima vitabu bila kuandika. Baada ya mapigano, wawili hawakuonekana tena. Kila Ijumaa nawaombea, lakini jina la mmoja silikumbuki.

Basi yaandike, ila yafungie kabatini.

Babu Juma