Nyuzi za Mama Mdogo

Kilole, Korogwe
4 Julai 2024

Kwa baba yangu, Mzee Mhina,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa mimi na wewe tunajua kuwa si mzima. Shangazi Maryamu naye mpe shikamoo yake. Huku kwetu tunaendelea, cherehani inazunguka, na mwanangu Ikram kila akiamka anauliza babu yuko wapi. Mama mdogo naye hajambo. Siku hizi hata majirani hawashangai tena wakisikia gitaa la besi linaitwa mama mdogo. Nimemlaza kitandani kwangu upande wa ukutani, mimi nabanana pembeni kama mgeni.

Baba, ndiyo nini ile? Natoka kukununulia uji, narudi na kikombe mkononi, nakuta kitanda kitupu na shuka limekunjwa vizuri. Nesi anadhani uko chooni. Nimezunguka hospitali nzima nikikuita kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ndiye aliyeniambia, "Mzee kavaa kofia yake, katuaga, kasema anawahi gari la Handeni kwa dada yake." Katuaga! Wagonjwa wenzio umewaaga, mwanao hukumuaga.

Simu umeizima. Haya, barua huwezi kuizima. Nimempa Hussein, konda wa gari la asubuhi, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka akuone unaifungua.

Daktari aliniita ofisini. Amesema kidole chako cha pete, mkono wa kushoto, kimekufa. Kimekufa, baba, ndivyo alivyosema, na kilichokufa kinaoza na kuambukiza kilicho hai. Anataka kukikata hicho kimoja ili mkono ubaki. Tukichelewa atakuja kuongelea kiwiko. Akasema ni sukari. Nikamwambia baba yangu hana sukari, hata chai anakunywa bila sukari. Alinitazama tu.

Naogopa, baba. Gauni la mteja nimelishona mkono mmoja nje ndani. Rudi.

Mwanao,
Chausiku


Handeni
8 Julai 2024

Mwanangu Chausiku,

Marahaba mama. Barua nimeipata, na huyo Hussein wako kanisimamia kama askari wa magereza. Mimi sijambo. Shangazi yako hajambo isipokuwa mdomo, huo haujapata nafuu tangu azaliwe. Ikram mbusu. Na mama yako mdogo mwamkie, usije ukaacha adabu kwa sababu mimi sipo. Marehemu mama yako alipoingia nyumbani kwangu bibi harusi alimkuta yule kalala kitandani, akasema, "Kumbe nina mke mwenza! Basi huyu ndiye mdogo." Akacheka, na ulipozaliwa wewe akakufundisha shikamoo kwa wote wawili. Hiyo ni heshima ya nyumba.

Sasa nisikilize. Kidole hakiniumi. Kabla ya ile harusi ya kule Mnyuzi nilikuwa nachemsha nyuzi, maana unajua sisi nyuzi za besi zikichoka hatuzitupi, tunazitia sufuriani zikatoka jasho la vidole, zikalia upya. Wakati wa kuzirudisha ncha ya waya ikanichoma. Nikafuta damu na kanzu, nikapiga harusi kuanzia kuingia kwa bwana harusi mpaka sahani zinaoshwa, na sikusikia kitu. Nilimwonyesha Simeo wa bendi yetu, nikamwambia, wewe na gitaa lako la solo, ona sugu ya mwanamume! Basi niambie, kitu kisichouma kinakuwaje kimekufa?

Na huyo daktari wako nikueleze alichonifanyia. Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia mpiga besi. Akaandika, akasema bila kuinua kichwa, "Usijali mzee, utapata kitu kingine cha kupitishia muda." Ndipo nikatafuta kofia yangu.

Shangazi yako ananiosha kwa majani asubuhi na jioni. Mpe Hussein mama mdogo aniletee. Asiwekwe chini, asilazwe karibu na injini, na Simeo asimguse. Nyuzi msibadili hata ziwe na kutu. Zile alizichemsha mama yako kwa mkono wake mara ya mwisho, kwenye sufuria yake ya maharage, huku ananitukana.

Baba yako,
Mhina


Kilole
11 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Ikram ana mafua kidogo. Wewe hujambo? Usinijibu, jibu ninalo.

Shangazi amenipigia simu akiwa shambani ili usimsikie. Alikuwa analia, baba. Anasema kidole ni cheusi mpaka kwenye kifundo, unakivika soksi, na ukiingia chumbani harufu inatangulia. Anasema jana ulimwita kwa jina la mama. Na wewe unaniandikia habari za majani!

Nimemuuliza nesi hilo swali lako la kitu kisichouma. Kajibu kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Sukari inaua maumivu kwanza, halafu inakuja kula taratibu bila mtu wa kupiga kelele. Mtu mwingine angeshtuka mapema. Wewe ulidhani ni sugu. Miaka yote umejisifia sugu, umewapa watoto wa mtaa wazishike, na safari hii ilikuwa ugonjwa unaobisha hodi nawe unaukaribisha kiti.

Unamkumbuka baba yake Glory, hapo nyuma ya msikiti? Alianza na dole gumba la mguu. Naye alisema haliumi. Tukasikia mguu, tukasikia goti, halafu tukasikia kengele ya kanisa. Kila nikifumba macho namwona yeye, na ile suruali iliyokunjwa na kufungwa pini. Pini hiyo niliitia mimi.

Mama mdogo sikuletei. Unataka kumwona, yuko Korogwe, na hospitali iko Korogwe. Niite mtoto mbaya, sawa. Leo treni ilipopita, nyuzi zake zililia zenyewe pale kitandani, mmmmm, nami niliruka nikadhani ni wewe unaniita. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka mteja akaondoka na kitambaa chake.

Mwanao anayekuogopea,
Chausiku


Handeni
15 Julai 2024

Chausiku,

Sina salamu ndefu. Hatujambo.

Nilitaka kukuandikia kwa hasira. Nilianza, nikachana. Acha nikwambie kweli, maana shangazi yako kaenda kuteka maji na hakuna anayeniona.

Juzi alasiri nilikaa uani nikachukua mchi, nikauweka mapajani kama shingo ya mama mdogo. Nikaanza kupiga wimbo wa kumtoa bibi harusi. Nilifumba macho. Nilikuwa nausikia wote, kila noti mahali pake, hata nikawa natikisa kichwa. Kisha nikafumbua. Vidole vitatu vilikuwa vinafanya kazi. Kidole cha pete kilikuwa kimekaa pembeni, hakijabonyeza chochote. Muda wote huo nilikuwa napiga na mtu asiyekuwepo. Nilishtuka nikautupa mchi, kuku wakatawanyika uani.

Naogopa, mwanangu. Haya, nimesema. Naogopa homa inayokuja jioni, naogopa harufu yangu mwenyewe. Lakini kisu nakiogopa zaidi. Mama yako alipofariki watu walisema Mhina ana moyo wa jiwe, hakutoa chozi. Hawakuniona waliporudi makwao. Nilimpakata yule, tumbo lake kwenye tumbo langu, nikapiga noti moja ya chini, moja tu, ikanitetemesha kifua mpaka machozi yakatoka yenyewe. Hata umeme haukuwepo. Besi huisikii kwa masikio peke yake, inapita kwenye mifupa. Sasa nikikatwa, siku ya kukulilia wewe nitalilia wapi? Niketi nimtazame ukutani, naye anitazame, kama wazee wawili waliokosana?

Bora nizikwe na vidole vyangu kumi.

Ukikataa kumleta, basi. Mfute vumbi tu.

Baba


Kilole
19 Julai 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika haraka, uniwie radhi kwa mwandiko. Nimefanya jambo, na nakuomba uketi kabla hujaendelea kusoma. Shangazi, kama uko hapo, msogelee.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Kisha nikamfunga mama mdogo kwenye khanga nikaenda kwa Simeo. Ndiyo, Simeo. Nilimuuliza, mtu akikosa kidole cha pete cha kushoto, besi imekwisha? Unamjua Msambaa yule wa Kwashemshi, neno analitoa kama analilipia. Akasema, "Ageuze." Shingo iende upande wa pili. Mkono wa kulia ndio ubonyeze, wa kushoto ubaki wa kudonoa nyuzi tu, na wa kudonoa hauhitaji kidole cha pete. Lakini nyuzi lazima zipangwe upya, nene ije iliko nyembamba na nyembamba iende iliko nene. Alisema wapo wanaopiga hivyo, ila mtu mzima kuanza upya ni sawa na kujifunza kutembea.

Tukaenda kwa fundi Hiza. Kalichonga upya lile jino la mfupa linaloshika nyuzi kule juu shingoni, amelitoa kwenye mfupa wa ng'ombe wa bucha ya hapa hapa. Zilipotolewa nyuzi zote nikamwona mama mdogo yuko uchi, nikageuza uso. Nyuzi ni zilezile, baba. Nimezichemsha mimi, kwenye sufuria ileile ya maharage. Nilijifunga kitambaa mikononi, na nilikutukana kidogo ili mambo yaende kama kawaida.

Sasa amegeuka. Kwa mkono wako wa zamani hapigiki. Hata ukibaki na vidole kumi, hapigiki. Nimekufungia mlango huo makusudi, nami ni mwanao, na ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu kama umekosea mimi nimekosea zaidi. Usinitolee laana. Nikemee, nipige, ila radhi yako niachie.

Jumatatu nitakuwa kwenye geti la hospitali, naye mgongoni kwenye mbeleko ya mama. Panda gari la Hussein.

Chausiku wako


Getini, Korogwe
22 Julai 2024

Baba,

Gari la asubuhi limepita, hukushuka. Hussein hayupo, yuko utingo nisiyemjua, anasema Hussein kabaki Handeni na hajui kwa nini. Simu ya shangazi inaita haipokelewi. Watu wananiuliza mtoto ana miezi mingapi.

Nampa huyu utingo barua hii, lakini sitangojea majibu. Napanda gari linalofuata. Baba, tafadhali.

C.


Wodi ya wanaume, Handeni
9 Agosti 2024

Kwa mwanangu mpenzi Chausiku,

Marahaba, na marahaba ya zile siku ulizokaa hapa ukiniamkia nami nikikuita kwa majina ya watu waliokufa. Natumaini ulifika Kilole salama na umemkuta Ikram mzima. Mimi naendelea vizuri. Shangazi yako analeta uji na matusi. Hussein alipita jana, ndiye mpelekaji wa barua hii, na kofia yangu aliyoiokota stendi amenirudishia.

Mengi uliyaona mwenyewe, ila kuna moja nimekuficha. Umewaambia watu wote wa Kilole kwamba baba alikubali, akatoka nyumbani kuja kukatwa, akaanguka stendi kabla ya kupanda gari. Shangazi yako naye anakuitikia. Si kweli. Nilisoma ile barua yako nikapandwa na hasira. Kugeuza nyuzi! Nyuzi za mama yako! Homa iko kichwani, nikavaa kofia, nikasema nakwenda Korogwe kumgombeza huyu mtoto na kumchukua mke wangu. Hasira ndiyo iliyonitoa kitandani, kukubali hakukuwepo. Nisingekasirika ningebaki ndani, na shangazi yako angenikuta asubuhi nimekufa. Hussein alinibeba mgongoni mpaka hapa. Kwa hiyo usiogope habari ya laana.

Wamekata viwili, cha pete na cha mwisho, na nyama kidogo ya kiganja. Siku ya kwanza kufunguliwa bandeji nilikataa kutazama. Nesi Agripina, huyu mama wa zamu ya asubuhi, kaniambia, "Mzee, hesabu vilivyobaki." Nikatazama. Kuna gumba, kuna cha kwanza, kuna cha kati. Nilikaa navyo muda mrefu, nikivichezesha juu ya blanketi, na nikaona kwamba hivyo viwili ndivyo vya kudonolea. Ndivyo hasa. Nilijifunika shuka nikalia.

Bado naogopa, nisikudanganye. Sukari ipo, naamka nahesabu vidole vya miguu. Daktari wa hapa kasema nitaishi nayo kwa adabu. Nimesema sawa, adabu nimezoea, nyumba yangu ina wake wawili.

Jana Agripina kafunga mlango wa wodi, akanishushia mama mdogo kutoka ukutani ulikomtundika. Nilimwamkia, maana sasa yeye ndiye mkubwa na mimi ndiye mgeni. Shingo iko kulia, kila kitu kiko kombo, nilikuwa natafuta noti kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya watu. Nikapata moja. Ya chini ileile. Mzee wa kitanda cha pili akaweka mkono kifuani akauliza, "Hicho nini?"

Vidole vya mkono wa kulia ni laini, havina sugu hata moja, vimezoea kudonoa, havijawahi kubonyeza waya kwenye chuma cha shingo. Nilibonyeza tena na tena mpaka ncha zikawa nyekundu, na leo kalamu hii naishika kwa shida. Na usiku kidonda nacho kinanichoma mpaka nauma shuka. Asubuhi nilimweleza daktari, akatabasamu, akaita wenzake waje wasikie.

Panauma, Chausiku. Huku panauma na huku panauma. Alhamdulillahi mwanangu, panauma.

Ni mimi baba yako, mwanafunzi,
Mhina