Kisima cha Nyuma ya Nyumba

Msanzi, 9 Julai

Kaka Obed,

Shikamoo. Huku baridi imetukamata, maharage tumeshavuna, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningekupigia kelele.

Mama hakuwahi kuwaambia wanajumuiya kwamba kazi yako huko baharini ni kuziba visima vya gesi vilivyozeeka. Kwake yeye, mtu anayeziba kisima ana laana. Alisema unachimba. Mimi nilikuelewa uliponieleza kwamba kisima kikichoka hakiachwi hivihivi: kinamiminiwa saruji, kinapimwa kama kinavuja, maana kikiachwa wazi ipo siku kitadhuru watu.

Na kile cha baba? Kilikauka mwaka aliofariki. Kila likizo ulizitazama zile mbao zilizooza zilizokifunika ukasema, "Rhoda, nitakifukia kabla sijaondoka." Nami nikangoja, kwa kuwa wewe ndiye fundi wa visima. Hapo kosa ni langu pia.

Mama alikuwa anafukuza kuku tu, mbao zikakatika.

Nilipokupigia ulisema huwezi kuondoka, saruji ya kisima chenu bado haijapimwa. Tulikungoja siku mbili, tukamzika.

Sasa usijisumbue kukimbilia nyumbani. Majirani walikuja na majembe na mkokoteni wa mawe, wakakifukia matanga yakiwa bado hayajaanuliwa. Walianza baada ya chai. Ugali wa mchana ulipoiva, walikuwa wameshanawa mikono.

Mdogo wako,
Rhoda